Karani Anayewasomea Wazazi Barua ya Shule

Saa mbili na robo asubuhi ya Ijumaa, karani wa shule anachukua karatasi moja mezani kwake, anachukua na simu yake, anavuka uwanja hadi stoo ya vifaa vya michezo na kujifungia ndani.

Humo hamna dirisha. Kuna nyavu zilizoviringishwa, magodoro ya mazoezi yaliyoegemezwa ukutani na kikapu cha mipira iliyopungua upepo. Anakaa kwenye benchi fupi, anakohoa mara mbili kusafisha koo, anabonyeza simu na kuanza kusoma.

"Habari za wiki, mzazi. Hii ni barua ya Ijumaa kutoka shuleni. Wiki hii watoto wa mwaka wa kwanza wamepima uwanja wetu kwa kamba..."

Kengele inalia. Anasimamisha simu, anangoja vishindo vya miguu vipite nje ya mlango, kisha anaanza tena tangu "Habari za wiki."

"Siwezi kuiunga katikati," anasema. "Anayesikiliza atajua imekatwa. Atafikiri kuna kitu nimemficha."

Ana umri wa miaka hamsini na saba. Ishirini na tatu kati ya hiyo ameitumikia shule hii ya kati, yenye watoto wa miaka kumi na moja hadi kumi na minne, katika ofisi inayotosha meza moja, kabati moja na kiti cha mgeni. Wanafunzi wanamwita Mama Barua. Baadhi ya wazazi hawana jina lake jingine kwenye simu zao.

Kazi zake ni nyingi. Anapokea wageni, anatunza mafaili, anajibu simu, anafunga vidole vya watoto waliobanwa na milango. Lakini iliyompa jina ni moja tu: kila Ijumaa, familia mia nne na kumi na mbili zinapata habari za wiki ya watoto wao. Wamejifunza nini, wiki ijayo kuna nini, nani wa kushukuriwa, sweta la nani limeokotwa chooni.

Barua haizidi ukurasa mmoja. Walimu wanatakiwa kuleta sehemu zao kufikia Jumatano mchana. Mwalimu wa hesabu huleta Alhamisi.

"Namwambia, mwalimu, wewe ndiye unayefundisha namba, na siku zenyewe ni saba tu," anasema karani, bila kutabasamu. "Anasema nimsamehe, ataleta mapema wiki ijayo. Ananiambia hivyo mwaka wa sita sasa."

Akishazipata, anazikata. Mbele yetu anachukua aya iliyoandikwa na mwalimu mmoja, inayoanza "Uongozi wa shule unapenda kuchukua fursa hii kuwafahamisha wazazi na walezi wote kuwa," na kuipiga mstari yote hadi kwenye kitenzi cha maana.

"Hapa mzazi ameshakunja karatasi," anasema. "Anataka kujua mtoto atatoka saa ngapi. Mwambie saa ngapi."

Kwa miaka ishirini na moja ya kwanza, barua hiyo ilikwenda kwa maandishi peke yake. Kwanza kwa karatasi mikononi mwa watoto, na nyingi zilirudi zimefuliwa ndani ya mifuko ya sare. Baadaye shule ilipata kompyuta, na wazazi wenye simu wakaanza kutumiwa ujumbe pia, karatasi zikiendelea kugawiwa. Karani alikuwa na sifa ya kutokukosea. Anasema alijivunia hilo kuliko ilivyofaa.

"Nilikuwa nahesabu miezi bila kosa hata la herufi moja. Nikidhani barua isiyo na kosa imemfikia mtu."

Kisha ikaja Jumanne ambayo hadi leo anaieleza polepole, akitazama mikono yake.

Jumamosi ya wiki iliyotangulia, msichana wa mwaka wa pili, umri wake miaka kumi na miwili, alipandwa na homa. Jumapili mchana akafariki hospitalini. Baba yake ni fundi viatu mwenye kibanda chake karibu na kituo cha zimamoto, mtaa wa tatu kutoka shuleni. Alikuwa akimlea peke yake tangu mama wa mtoto alipoondoka kwenda kuanza maisha mengine. Jumatatu mtoto akazikwa. Walimu walikwenda. Karani naye alikwenda, akasimama safu ya nyuma, akalia.

Jumanne darasa lile lilikuwa na mwalimu wa kushikilia, kwa sababu mwalimu wao alikuwa bado msibani. Aliita majina yote yaliyokuwa kwenye daftari la mahudhurio. Alipofika kwenye jina la msichana yule darasa zima lilinyamaza. Mwalimu, ambaye alikuwa mgeni shuleni, aliweka alama ya kutokuwepo na kuendelea.

Daftari lilifika kwa karani saa tatu, pamoja na ya madarasa mengine. Kompyuta ilitaka namba za wanafunzi tu, si majina. Aliingiza namba kumi na tisa za watoto ambao hawakufika, kama alivyofanya kila asubuhi, na ujumbe ukaenda kwa wazazi kumi na tisa: Mzazi mpendwa, mwanao hakufika shuleni leo. Tafadhali tujulishe sababu.

Majibu yakaanza kuingia. Ana homa. Amekwenda kliniki na bibi yake. Samahani, tulichelewa kuamka. Karani aliyaandika moja moja kwenye daftari lake. La tano au la sita, hakumbuki vizuri, lilisema: Mtoto huyu tulimzika jana. Ninyi ni watu wa namna gani?

"Nilisoma mara moja tu," anasema. "Sikuhitaji kutazama namba. Nilijua ni ya nani."

Aliingia kwa mwalimu mkuu bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mwalimu mkuu, mama mtulivu anayekaribia kustaafu, anakumbuka kwamba karani alisimama katikati ya chumba na kusema neno moja: "Nimekosea."

"Nilimwambia kosa ni la utaratibu wetu, si lake peke yake," anasema mwalimu mkuu. "Nikamwambia tuandike barua ya kuomba radhi, nitaitia saini mwenyewe. Akaniambia, 'Mwalimu, maandishi ndiyo yaliyomuumiza. Simpelekei maandishi mengine.' Akachukua mkoba wake akatoka."

Alikwenda kwa miguu. Nyumba ya fundi ni vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji, na ukumbi mdogo ambamo siku ile watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya kuazima. Alipiga hodi, akakaribishwa, akaomba kuzungumza na baba wa marehemu. Walikaa uani, yeye kwenye kiti, fundi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Maneno yaliyofuata tumeyapata kwa wote wawili, na hayapishani sana.

"Kaka, mimi ndiye niliyetuma ujumbe ule wa asubuhi."

"Ule wa shule?"

"Ule. Nilijua mwanao amefariki. Nilikuwepo makaburini. Nikautuma hivyo hivyo, sikutazama. Nimekuja kukuomba radhi, na ukiniambia niondoke nitaondoka."

Fundi akauliza, "Wewe ndiye unayeandika na ile karatasi ya Ijumaa?"

"Ndiye mimi."

"Basi nakujua. Nimekusikiliza mwaka na nusu."

Karani hakumwelewa. Fundi akamwambia kwamba hajui kusoma. Simu ilipolia asubuhi ile aliona ni namba ya shule, akadhani ni pole. Akampa jirani aliyekaa karibu naye, akasema, nisomee, shule wamenitumia pole. Jirani alisoma kwa sauti, na alikuwa amefika mwisho kabla hajatambua anasoma nini. Watu wote ukumbini walisikia. Jirani ndiye aliyejibu.

"Mwanangu ndiye aliyekuwa anasoma," fundi alimwambia. "Kila Ijumaa anakuja kibandani na karatasi. Anakaa pale, anasoma, mimi nashona. Akikosea sijui kama amekosea."

Hapo karani alikumbuka. Msichana yule alikuwa na tabia ya kufika ofisini kila Ijumaa wakati wa mapumziko, kabla karatasi hazijagawiwa, na kuomba yake mapema. Alikuwa akiisoma palepale mlangoni, midomo ikicheza, halafu anauliza: Mama, hili linatamkwaje? Siku moja lilikuwa neno "maadhimisho". Siku nyingine "tathmini". Karani alimwona mtoto mwenye kupenda kujua mambo, akamjibu, akaendelea na kazi.

"Alikuwa anajiandaa kwenda kumsomea baba yake," anasema sasa. "Hakutaka akwame mbele yake. Mwaka na nusu anasimama mlangoni kwangu, na mimi sikumuuliza hata mara moja ni ya nini."

Kabla hajaondoka, fundi alimuuliza kama Ijumaa ile barua itatoka.

"Itatoka."

"Itamtaja?"

Karani alikuwa ameshaandika sentensi, tangu Jumatatu. Akaisema kwa kichwa: Shule inasikitika kuwatangazia kifo cha mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Fundi alisikiliza hadi mwisho. "Hapo hayumo," alisema. "Huyo anaweza kuwa mtoto yeyote."

"Ungependa niseme nini?"

"Sema alikuwa na sauti. Hata mtaani walikuwa wanamsikia. Sema alikuwa anasoma kwa sauti."

Karani alirudi ofisini akaifuta ile sentensi. Barua ya Ijumaa ile bado ipo kwenye kabati lake, ndani ya bahasha ya plastiki. Aya ya kwanza inasema: "Jumapili tulimpoteza msichana wa mwaka wa pili aliyekaa safu ya mbele karibu na mlango. Alikuwa na sauti iliyosikika mbali, na aliitumia kusoma. Kila Ijumaa alimsomea baba yake barua hii, neno kwa neno. Darasa lake limekubaliana kwamba kiti chake kitabaki mahali pake hadi mwisho wa muhula. Mkiwa na watoto wenu jioni hii, waulizeni juu yake. Wanayo mengi ya kuwaambia."

Saa kumi jioni, baada ya kuzituma zote, alichukua nakala moja akaenda nayo nyumbani kwa fundi na kumsomea. Yeye mwenyewe anasema alikwama katikati, ikabidi aanze tena. Fundi hakulia. Alimshukuru, akamwomba jambo moja: asimtoe kwenye orodha.

"Alisema, 'Darasa lake bado lipo. Nataka kujua wamefika wapi.'"

Ijumaa iliyofuata akaenda tena, safari hii kibandani. Na iliyofuata. Katika wiki ya tano mvua ilinyesha mfululizo na goti lake la kushoto, ambalo humsumbua, likakataa. Alipomlalamikia binti yake, ambaye ni msusi na anayeishi naye, binti alimtazama kama mtu asiyeelewa tatizo liko wapi.

"Mama, simu yako inarekodi sauti," alimwambia. "Si umrekodie, umtumie?"

Hivyo ndivyo barua ya kwanza ya sauti ilivyotoka. Ilikuwa ya dakika nne, na katikati yake mtu anauliza bei ya kusuka.

Karani hakuwa na mpango wa kumtumia mtu mwingine. Ilikuwa ni deni lake kwa mzazi mmoja, akalichukulia hivyo. Lakini fundi alikuwa akiifungulia kwa sauti ya juu huku akifanya kazi, na wateja wanaongoja viatu husikiliza. Wiki moja mama muuza mboga, mwenye watoto wawili shuleni hapo, alikuwa amekaa pale akingoja kandambili yake ishonwe. Jumatatu yake alifika ofisini kwa karani, akafunga mlango nyuma yake.

"Nilimuuliza, ile ya fundi na mimi naweza kuipata?" anasimulia mama huyo, ambaye alikubali tuongee naye mradi tusiandike jina. "Akasema ndiyo. Hakuniuliza kwa nini. Mimi kila nikiitwa shuleni kutia saini nilikuwa nasema nimesahau miwani. Miaka minane nimesahau miwani. Sijawahi kuwa na miwani."

Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, mara nyingi saa ambazo walimu wako madarasani. Mlinzi wa benki. Bibi anayelea wajukuu watatu. Dereva wa lori aliyesema macho yake yanachoka, na huenda ni kweli. Baba mmoja alipiga simu na kusema kioo cha simu yake kimepasuka, haoni maandishi. Karani amekutana naye mara nyingi tangu hapo. Kioo ni kizima.

"Namwambia pole kwa kioo," anasema.

Leo familia mia moja thelathini na saba zinapokea barua kwa sauti. Ni theluthi moja ya shule. Si wote wasiojua kusoma. Wapo wanaosikiliza kwa sababu wako jikoni au njiani. Yeye hajui nani ni nani, na anasema ndivyo anavyotaka.

Si kila mtu shuleni alilipenda jambo hilo. Kwenye kikao kimoja mwalimu alisema kwamba shule inawafundisha wazazi uvivu, na kwamba mahali pa elimu hapafai kuficha ujinga. Mwingine akapendekeza orodha ya wazazi hao ibandikwe kwenye chumba cha walimu ili wajulikane na kusaidiwa. Karani, ambaye kwa kawaida hasemi kwenye vikao bali huandika tu kumbukumbu, aliweka kalamu chini.

"Nilisema orodha iko kwenye mkoba wangu na haitatoka. Wakiitaka wanifukuze kwanza. Nikachukua kalamu nikaendelea kuandika."

Mwalimu mkuu anathibitisha kwamba maneno hayo yamo kwenye kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wa karani mwenyewe.

Kuhusu ujumbe wa kutokuwepo, utaratibu umebadilishwa. Karani haingizi namba tena. Kila asubuhi huandika orodha kwa majina na kuisoma kwa mdomo, jina baada ya jina, kabla ya kubonyeza. Inamchukua dakika kumi zaidi. Mwaka huu mwalimu mmoja alimwambia anaonekana kama mtu anayezungumza peke yake. Akamjibu kwamba haongei peke yake.

Saa kumi jioni tunafika kwenye kibanda cha fundi. Ni mtu mwembamba mwenye vidole vyeusi vya gundi. Amepanga viatu kwa safu, kila jozi imefungwa uzi. Simu inatoa mlio. Anaweka nyundo chini, anaifuta simu kwenye aproni, anabonyeza.

Sauti ya karani inajaza kibanda. Watoto wa mwaka wa kwanza wamepima uwanja kwa kamba. Wa mwaka wa tatu wanahitaji vitambaa vikuukuu. Darasa la mwaka wa nne, ambalo ndilo lililokuwa la binti wa fundi, litafanya mtihani wa mwisho baada ya wiki tisa, na wazazi wanaombwa wawape watoto nafasi ya kupumzika mapema.

"Walikuwa wadogo hawa," fundi anasema. "Sasa wanaondoka."

Tunamuuliza atafanya nini darasa likishamaliza. Karani alishamuuliza swali hilohilo mwezi uliopita, kwa kuwa kila mwisho wa mwaka majina ya familia zinazoondoka hufutwa. Fundi anageuza kiatu mikononi.

"Nilimwambia sijui. Kisha juzi nikamtafuta, nikamwambia afute." Anatafuta uzi kwenye kopo. "Wenzake wakimaliza, na yeye amemaliza. Nitakaa mpaka siku ile ya mwisho. Niwasikie wakitajwa. Basi."

Karani naye ana miaka mitatu ya kazi iliyobaki, na hana uhakika atakayemrithi atakubali kujifungia stoo na magodoro. Kwa hiyo anataka jambo moja lihame kutoka mkobani mwake liingie kwenye utaratibu wa shule, lisitegemee mtu.

Ni fomu ya kumwandikisha mwanafunzi mpya. Kwa sasa mzazi hupewa fomu hiyo na kalamu, akajaze mwenyewe kwenye benchi la nje. Karani anaamini hapo ndipo shule inapoanza kumpoteza mzazi, siku ya kwanza kabisa, na hakuna anayeona. Amemwandikia mwalimu mkuu pendekezo kwamba kuanzia muhula ujao fomu ijazwe na karani, kwa kumuuliza mzazi kwa mdomo, na kwamba liongezwe swali moja mwishoni. Mwalimu mkuu amelikubali. Linangoja kamati ya shule, ambayo itakutana wiki mbili zijazo.

Swali lenyewe ameliandika mara nne. Anatuonyesha karatasi. La kwanza lilikuwa: Je, unajua kusoma? Amelikata kwa mistari miwili.

"Ukimuuliza mtu hivyo mbele ya mtoto wake, atasema ndiyo," anasema. "Mimi mwenyewe ningesema ndiyo."

La mwisho, ambalo hajalikata, linasema: Barua yetu ya kila Ijumaa, ungependa kuisoma au kusomewa?

Analisoma tena kwa sauti ya chini, akijaribu linavyosikika mdomoni.

"Akisema kusomewa, hajasema kwamba hajui," anaeleza. "Amechagua tu. Na mimi nimeandika alichochagua."